Projekteri Yenye Kuogopa Baridi ya Butembo

Bandugu, na ninyi batoto ba atelie wenye mikono ya grese, musogee huku. Mwenye kusimama akae, mwenye kukaa akamate chupa yake vizuri, juu nikianza kusema hapa sitanyamaza mpaka bakuje kunibeba na kitanda. Leo njo siku yangu ya kuacha kazi. Macho imechoka. Nikitaka kuingiza vis, ule musumari wa kukaza, mu tundu yake, naona vis mbili na tundu tatu, na zote ziko zinanicheka.

Munaniulizaka kila siku: "Muzee Kambale, mashini gani ilikutesaka kupita zote?" Munazania nitasema moulin ya kusaga mahindi, ao ile phonie, radio ya kuitana, ya komanda mumoja mwenye alikuwa anakaa na bunduki juu ya magoti wakati miye niko natengeneza. Wapi! Ilikuwa projekteri. Ka-projekteri kadogo ka nyumbani, ka filimu nyembamba kama kamba ya kiatu, kenye mutu anafunga mu valizi na kubeba na mukono moja. Mais uzito yake, batoto! Ilikuwa nzito kama zambi za ule komanda.

Nianzie ku Beni, mbele ya vita. Masomo sina. Nilienda shule asubuhi moja, mvua ikanyesha, nikarudi nyumbani, na sikuonaka tena sababu ya kuenda. Baba akanipeleka kwa Muzee Saidi, fundi mumoja Muislamu, wa jamaa ya batransporteri. Bandugu yake bote balikuwa na makamyo. Yeye peke yake alipendaka vitu vidogo: masaa, masherehani, maradio, na projekteri za Bapadri na za Bagriki ba kahawa. Bale Bagriki, kahawa ikiisha kuanikwa, hawakuwa na kazi ingine: banatundika shuka ku ukuta, banajiangalia mu filimu bo benyewe beko banakula samaki ya mwaka jana.

Siku ya kwanza nilizani Muzee Saidi atanipa turnevisi ya kufungulia vis. Alinipa kiti. Akaniwekea projekteri mbele, bila kuran ya umeme, akasema: "Kambale, zungusha na mukono." Pale pembeni iko kaduara kadogo, ukikazungusha na kidole, vitu vyote vya ndani vinatembea polepole. Nikazungusha asubuhi yote mpaka kidole ikafanya lengelenge kubwa kama yai ya bata. Nikauliza: "Muzee, imeharibika wapi?"

"Haijaharibika," asema. "Uijue kwanza wakati iko muzima. Sivyo utakuwa kama munganga mwenye alionaka tu maiti."

Njo pale nilijifunza ile yenye munaona nafanya hata leo. Mashini ya kutembeza filimu ikikatala, usikimbilie turnevisi. Chomoa kuran. Zungusha na kidole. Inakaza? Inakaza pahali pamoja ao pahali pote? Kama ni pamoja, jino moja ya gurudumu imevunjika. Kama ni pote, ni uchafu ao mafuta ya zamani. Kama iko laini, na moteri inaimba, na kitu haitembei, angalia kurua, ule mukaba wa mupira wenye kutosha nguvu ku moteri na kuipeleka ku magurudumu. Kiisha angalia kale kakucha, kadogo kuliko kucha ya kifaranga, kenye kuingia mu matundu ya filimu na kuivuta picha moja moja. Na ile ampuli ya ndani, usiiwashe mbele ya kujua kama filimu inatembea. Ile taa ina moto! Filimu ikisimama mbele yake, kwa kupepesa jicho tu picha inaiva, inafanya povu, inatoboka. Muzee Saidi alikuwa anasema hiyo na sauti ya chini, kama mutu anasema habari ya ajali.

Muzee Saidi akakufa. Miye nikapanda Butembo na bibi yangu Masika, tukafungua ka-atelie upande wa Rughenda, ku kiwanja ya ndege, pale ma-avio inashukaka. Kiisha vita ikakuja. Ikaenda. Ikarudi na nguo zingine. Asubuhi unasalimia basoda, baaskari ba huku, mangaribi unasalimia bengine, na bote banakuuliza swali moja: "Radio iko wapi?" Nilitengeneza phonie ya bale, kiisha nikatengeneza phonie ya benye kubafukuza bale. Vis ni ile ile, bandugu. Nilichoka. Hapana kuchoka kwa kazi. Ni kuchoka kwa kusikia mulango unagongwa, na unaanza kuhesabu batu ba nyumba yako kwa macho. Hata kicheko yangu, ile yenye munaijua, wakati ile nilikuwa naitosha kidogo kidogo, kama chumvi.

Njo mu ile wakati Mama Kavira alifika na valizi ku kichwa. Alikuwa ametoka Beni. Nyumba yake ya upande wa Mavivi iliungua: vitanda, nguo za ndoa, mapicha yote. Valizi peke yake ilipona, juu alikuwa ameiazimisha kwa jirani. Akaiweka ku meza yangu, meza ikalia.

"Fundi, ni cinema hii," asema.

"Naiona, mama. Ni ya nani?"

"Ya bwana yangu Kasereka. Alikuwa shoferi wa Mugriki mumoja wa kahawa. Siku kamyo mupya ilifika, Mugriki akamupiga filimu, eko anatoka nyumbani kuenda kuipanda. Wakati ule Mugriki alikimbia, akatuachia mashini na filimu."

"Na Kasereka mwenyewe?"

Alikaa kwanza. Akafungua kitambaa ya kichwa, akaifunga tena.

"Alikamata njia ya Eringeti, kutafuta muchele, sasa ni miaka mingi. Hakurudi. Kamyo haikurudi. Maiti haikurudi. Sasa shemeki yangu Mbusa, muzee wa jamaa, anasema Siku ya Mungu hii tukalie matanga, juu jamaa imechoka kungoja. Namuelewa. Hata miye nimechoka. Mais nimebaambia: mbele nimuone usoni mara moja. Fundi, sura yake inanitoroka. Juzi nilitaka kukumbuka pua yake, nikakuta ni pua ya Mbusa."

"Na filimu ziko ngapi, mama?"

"Ni moja. Kama Mungu."

Sikucheka. Nilifungua ile kabobini, kagurudumu kenye kukunjiwa filimu, nikagusa filimu: kavu, kama jani ya mahindi. Nikasema mu roho: Kambale, ikisimama mbele ya taa mara moja tu, umemuzika huyu mwanaume wewe mwenyewe.

Asubuhi yake nikaanza. Munajua asubuhi ya Butembo. Baridi ile, hata jogoo anawika akiwa ndani ya blanketi. Nikazungusha kaduara: inakaza, inakaza pote; nikazani ni vumbi ya njia, nikaipangusa juujuu. Nikapana kuran kidogo ya grupe, ile moteri ya kutosha umeme: moteri inaimba, magurudumu haitembei, kurua inateleza palepale na kunuka mupira ya kuungua. Nikasema, bon, kurua imezeeka. Nikakata ingine mu mupira ya ndani ya kinga, ile baisikeli, nyembamba, sawasawa, nikaiunga vizuri. Saa ya jua kali nikajaribu: inatembea! Laini kama bibi harusi. Nikatuma batu bamuite Mama Kavira.

Akakuja kesho yake asubuhi mapema, na Mbusa nyuma yake. Mbusa ni mutu murefu wa kofia, muuzaji wa kahawa, mwenye kuangalia kila kitu kama anaipima kilo. Nikawasha. Mmmmm, moteri inaimba. Hakuna kitu inatembea.

Mbusa akaangalia jua, akaangalia mashini. "Fundi, hii inafanyaka saa za bureau ya Leta, ya serikali? Asubuhi bado haijafika?"

"Ni grupe, muzee. Kuran yake ni muzaifu."

Nikaazima grupe ingine. Vilevile. Nikakaza kurua zaidi. Ikakatika paa! ikanipiga ku pua, pua ikavimba kama papai, Masika akakatala kulala upande ule. Saa sita mashini inatembea tena yenyewe, bila kuombwa. Asubuhi, kimya. Bandugu, nilianza kuamini ina shetani. Nilitaka hata kuita padri, mais padri mwenyewe alikuwa ananingojea nitengeneze mikro yake ya mahubiri.

Mama Kavira alikuwa anakuja kila asubuhi, anakaa pale ku mulango. Siku moja akaniuliza tu: "Fundi, mutu anaweza kusahau sauti mbele, ao sura njo inaendaka mbele?" Nikasema sijui. Akasema: "Kwangu sauti iko. Ananiita kila siku. Mais sioni ni nani ananiita."

Ikafika posho, Jumamosi, siku moja tu mbele ya matanga. Baridi imeuma vidole yangu, nikasogeza mbabula yenye makala ya moto karibu na meza nipashe mikono. Projekteri iko wazi palepale pembeni. Masika akaingia na kitunga, ametoka ku soko. Akasimama ku mulango.

"Nani anapika majani ya sombe humu bila kuniambia?"

"Hakuna mwenye anapika."

"Kambale, usinidanganye. Nasikia harufu ya mawese. Ni mwanamuke gani ameingia mu jiko yangu?"

"Masika, jiko yako iko inje!"

"Basi njo maana unapikia ndani!"

Akaanza kunusa. Akanusa mufuko yangu, akanusa sanduku ya vis, akanusa mbabula. Kiisha akainama juu ya projekteri, akainua uso ameshangaa kabisa. "Kambale. Cinema hii ina sombe."

Nikatosha kifuniko ya ndani, ile ya magurudumu. Mungu wangu! Mafuta mekundu, yameganda kama mushumaa, mu kila jino, mu kila tundu ya mafuta. Upande wa mbabula ilikuwa imeanza kuyeyuka na kudondoka tak, tak, ku meza. Upande wa dirisha ilikuwa ngumu, unaweza kuandika jina yako ndani.

Tukamuita Mama Kavira, Mbusa akakuja naye. Nikauliza: "Mama, mashini hii, nani aliipakaa mafuta?"

"Miye," asema, bila kuogopa. "Ilikuwa inalia ndani. Nikaimwangia mawese."

"Mawese, mama?"

"Ee, mawese. Mulango yangu ku Beni hailii, juu ya nini? Mawese. Kinga ya bwana yangu? Mawese. Migongo ya batoto, mawese. Hii njo nini, ni mutoto wa chef? Na ilitembea! Ku Beni ilitembea vizuri!"

"Mama, Beni ni joto. Ku Beni ile ni mafuta. Hapa, asubuhi, ni sabuni."

Mbusa akakaa ku sanduku, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Kumbe ni mukimbizi wa kweli! Imefika na valizi yake, na bado haijazoea baridi!"

Mama Kavira hakucheka. Aliniuliza kitu moja: "Inaweza kupona mbele ya misa ya kesho?"

Nikasema ndiyo. Fundi anasemaka ndiyo mbele, kiisha anatafuta namna gani. Nikafungua yote. Ninyi munajua ile kazi: kila kipande mu sahani yake, kwa mustari, namna ilitoka, ili irudi namna ile ile. Nikaosha jino kwa jino na petroli, na mswaki, na manyoya ya kuku kwa tundu zenye mswaki haiingie. Mawese ile ilikuwa mingi, nawaambia, tungekaanga ndizi za kulisha Butembo muzima na basoda juu. Mafuta ya mashini hakukuwa mu mji, njia ilikuwa imefungwa. Nikaenda kwa fundi wa kushona wa soko. Alinitonea mafuta yake ya sherehani mu kifuniko ya chupa, anageuza uso kando, kama mutu anatosha damu. Nikatia tone moja moja, pahali panasuguana, basi. Kiisha nikatia kile kipande cheupe cha mwanzo wa filimu, kisicho na picha. Taa imezimwa. Kidole ku kaduara. Kakucha kakaingia mu tundu, kakavuta, kakaingia, kakavuta. Niliikalia sikio kama munganga ku tumbo ya mama mwenye mimba. Laini.

Siku ya Mungu tulikutana kwa Mbusa, kiisha misa. Mangaribi hakuna mwenye kutoka, basoda hawataki, donc tulifanya giza mchana: blanketi ku madirisha, mukeka ku mulango. Jamaa ilikuwa mingi, banakaa chini. Inje, majiko ya matanga ilikuwa imekwisha kuwashwa. Grupe ikaanza kunguruma nyuma ya nyumba, na mara ile mukeka ukafunguka: soda mumoja, na bunduki.

"Bozosala nini awa?" anauliza na Lingala, ni kusema munafanya nini hapa.

Miye nilikuwa nahesabu batu kwa macho. Mama Kavira njo alijibu, bila kugeuka: "Tunataka kuona bwana yangu. Funga mukeka, unaingiza mwangaza. Kama unabaki, utoe kofia."

Soda akafunga mukeka. Akatoa kofia. Akakaa.

Nikawasha. Moteri, sawa. Kipande cheupe kikapita, nikawasha taa.

Ku shuka kukaonekana mulango ya nyumba, rangi ya majani, na mwanamuke kijana anasimama ndani ya mulango. Batu bakasema "Eeeh!" Ilikuwa Mama Kavira mwenyewe, mwembamba kama mukonge. Kiisha Kasereka akatoka mbele yake. Mutu mufupi, mabega mapana, shati jeupe. Anatembea anakuja kwetu, usoni wazi, meno yote inje, anapita kizingiti, anapita kiwanja, anakuwa mukubwa, mukubwa.

Njo pale nikasikia sauti ya filimu imebadilika. Bobini ya chini, yenye kupokea filimu, imesimama! Kurua yake kadogo imetoka. Filimu inatoka mu mashini na kumwangika chini kama matumbo. Nikisimamisha, Kasereka anaungua palepale, katikati ya kicheko. Nikiacha, filimu inakanyagwa. "Masika!" nikasema na meno, "besani!" Masika hakuuliza. Alipiga magoti chini ya meza na besani ya kufulia, akapokea ile filimu na mikono mbili, anaikunja polepole kama anapokea mutoto. Jasho yangu ilijaza viatu. Ku shuka Kasereka akafungua mulango ya kamyo, akapunga mukono, kamyo ikatoka, ikabaki vumbi. Kiisha shuka tupu, nyeupe. Nikazima.

Bamama bamoja balianza kulia. Mama Kavira hakulia. Alikuwa anaangalia tu ile shuka.

"Shemeki," Mbusa akasema polepole, "umemuona?"

"Nimemuona."

"Tuanze matanga?"

Akakaza kitambaa yake ya kichwa. Bakangoja. Soda alikuwa anazungusha kofia mu mikono yake. Na miye, bandugu, niko na filimu muzima mu besani, na njia ni moja tu ya kuirudisha ku bobini ya juu bila kuikata: kutembeza mashini kinyume, inyonye yote polepole namna iliitema. Mais ku ile mashini kifungo ni kimoja: ukirudisha, na taa inawaka. Nikasema mu roho, basi, iwake. Nikageuza kifungo.

Vumbi ikarudi ku ardhi. Kamyo ikakuja na nyuma. Kasereka akashuka, akapunga mukono, akaanza kupita kiwanja na nyumanyuma, uso kwetu, mugongo ku nyumba, hatua kwa hatua, mpaka kizingiti, na kule ndani ya mulango bibi yake kijana anasimama anamungojea. Mugongo wake uko unamufikia. Na Mama Kavira, mwenye hakulia, akaruka juu, akanyoosha kidole ku shuka, machozi na kicheko vinatoka pamoja, akapiga kelele mpaka majirani bakasikia:

"Amerudi! Muangalie huyu mujinga! Miaka hii yote, na anaingia na mugongo, juu anaona haya kuniangalia usoni!"